Tabia ya mtu au mabadiliko ya chuo: nguvu zako za kutunza mazingira uziweke wapi?

Kila chuo chenye watu wanaojali mazingira huwa na mabishano haya. Upande mmoja unasema tuanze na sisi wenyewe: tuzime taa, tubebe chupa zetu za maji, tutembee kwa miguu, tusimwage chakula. Upande wa pili unasema hayo ni madogo mno, wenye funguo ni uongozi. Wao ndio wanaoweza kubadilisha mitambo ya kupasha na kupoza majengo, kufunga paneli za sola na kuandika upya mikataba ya ununuzi. Anayejiunga na harakati hizi leo, akiwa na saa chache tu kwa wiki baada ya masomo au kazi, hubaki njia panda.

Nimeziweka njia hizo mbili kando kwa kando, jambo kwa jambo. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua nasimama wapi: katika mambo mengi, badiliko linalofanya kazi bila mtu yeyote kulikumbuka huzaa matunda kuliko tabia inayotegemea nia njema ya kila siku. Lakini yapo machache ambayo tabia ya mtu mmoja ina uzito wa kweli, na yapo mengine ambayo badiliko la chuo lisilo na tabia ya watu ni fedha iliyotupwa. Kuyatenganisha hayo matatu ndiko kunakokusaidia kuchagua.

Tunapima kwa vigezo gani

Kila jambo nimelipima kwa maswali manne. Linaokoa kiasi gani hasa? Nani anatakiwa akumbuke, na mara ngapi? Litadumu muda gani? Na nani analipa?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi vyuoni. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hukaa miaka mitatu au minne, kisha huondoka na tabia zake. Wanaoingia nyuma yake wanahitaji kuelimishwa upya, mwaka baada ya mwaka. Jengo, kwa upande wake, hukaa nusu karne au zaidi, na boila (mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha jengo) iliyowekwa leo inaweza kuendelea kuunguza gesi hata baada ya wanafunzi walioipinga kupata watoto wa kuingia chuo. Kosa la ujenzi hudumu, na uamuzi mzuri wa ujenzi hudumu vilevile.

Tunaambiwa tangu utotoni kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, ila kibaba chenyewe kisiwe kimetoboka. Vyuo vingi vina kibaba kilichotoboka, na tundu liko mahali ambapo mwanafunzi wa kawaida hapaoni.

Umeme: chaja yako na friza ya maabara

Mfano unaotajwa kila mara ni chaja ya simu, basi tuanze nao. Betri ya simu ya kisasa hubeba takribani wati-saa 15. Ukiijaza kila siku mwaka mzima, ukijumlisha na umeme unaopotea njiani, utatumia kama uniti 7, yaani kilowati-saa 7. Chaja iliyoachwa kwenye soketi bila simu hula pungufu hata ya hapo, kwa kawaida chini ya nusu wati.

Sasa ingia maabara ya biolojia. Kuna friza za kuhifadhi sampuli kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza moja ya aina hiyo, hasa ikiwa ya zamani, hula karibu uniti 20 kwa siku. Siku moja ya friza hiyo ni sawa na karibu miaka mitatu ya kuchaji simu yako, na chuo cha utafiti huwa nazo kwa makumi, pengine mamia. Kuna hatua rahisi ambayo University of Colorado Boulder ni miongoni mwa vyuo vilivyoihimiza: kupandisha kipimo kutoka nyuzi 80 hadi 70 chini ya sifuri. Umeme hupungua kwa karibu asilimia 30, na sampuli nyingi huhifadhika vizuri tu kwa kiwango hicho. Ni kubonyeza kitufe mara moja, baada ya msimamizi wa maabara kukubali. Halafu kuna kazi ya kusafisha: kutoa sampuli zilizoachwa na watafiti waliohama zamani, ili friza mbili zilizojaa nusu ziwe moja iliyojaa. Kwa kipimo changu, mchana mmoja wa kazi hiyo unashinda mwaka mzima wa kubandika vibandiko vya "zima taa" ukutani.

Katika maabara hiyohiyo lipo kabati la kufyonza mvuke wa kemikali. Hili hula nishati nyingi kwa sababu hunyonya hewa iliyokwisha kupashwa au kupozwa na kuitupa nje ya jengo usiku na mchana. Watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory ya Marekani walikadiria kwamba kabati moja linaweza kutumia nishati sawa na nyumba tatu na nusu za nchini humo. Harvard iliendesha kampeni ya kuwahimiza wanakemia wateremshe kioo cha kabati kila wanapomaliza kazi, na kampeni hiyo ilileta tofauti kubwa.

Hapa kuna jambo ambalo wanaharakati wengi hawaambiwi. Kushusha kioo huokoa nishati pale tu ambapo mfumo wa hewa wa jengo unaweza kupunguza kasi kioo kinaposhuka. Makabati ya mtindo wa zamani hunyonya hewa kiasi kilekile kioo kikiwa juu au chini. Kwenye jengo la namna hiyo unaweza kuwafundisha watu tabia nzuri kwa miaka mitano na mita ya umeme isitikisike, ingawa kwa usalama kioo kinapaswa kushushwa hata hivyo. Na kwenye jengo la kisasa lenye mfumo unaojirekebisha, chuo kinaweza kutumia fedha nyingi kisha watafiti wakaacha vioo juu usiku kucha, na fedha hiyo ikaenda bure. Hiyo ndiyo ile hali niliyoitaja mwanzoni, ambapo tabia na mfumo vinategemeana. Kabla ya kuanzisha kampeni ya tabia yoyote, muulize fundi wa jengo: watu wakifanya hivi, mtambo utajua?

Taa nazo zinafundisha. Balbu ya zamani ya wati 60 na taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana. Kwa hiyo kuzima ile ya zamani kwa saa moja ni sawa na kuzima LED kwa karibu saa saba. Chuo kikibadilisha taa zote, thamani ya tabia yako ya kuzima inashuka sana, na hilo ni jambo la kushangilia. Lengo halikuwa kamwe kukufanya wewe uwe mtu mwema wa swichi. Ongeza vihisi vya mwendo kwenye vyoo, korido na madarasa, na hakuna anayetakiwa kukumbuka chochote.

Je, tabia peke yake inaweza kutikisa mita? Inaweza, watu wakiona wanachofanya. Oberlin College, jimbo la Ohio, iliendesha mashindano ya mabweni mwaka 2005. Wanafunzi walionyeshwa matumizi yao, na katika wiki mbili umeme ulipungua kwa wastani wa asilimia 32. Mabweni yaliyopata taarifa za papo kwa papo yalipunguza kwa zaidi ya nusu. Ni matokeo makubwa, na mtu anayesema tabia haziwezi kitu anapaswa kuyajibu. Ila ona mambo mawili. Maji katika mashindano hayohayo yalipungua kwa asilimia 3 tu. Na kilichowezesha mafanikio ya umeme ni mita na skrini, vitu ambavyo chuo ndicho kilichovifunga. Bila mita kwa kila bweni, mwanafunzi anaombwa apunguze kitu asichokiona.

Kupasha na kupoza majengo: hapa tabia haitoshi

Hili nitalipita upesi, kwa sababu ushindani wenyewe haupo. Kama chuo kinapasha majengo kwa makaa ya mawe, sweta yako haitabadilisha mengi. Ball State University, jimbo la Indiana, ilianza mwaka 2009 kuchimba mfumo wa kuvuta joto ardhini: mashimo takribani 3,600 na mabomba ya kuhudumia majengo 47. Kufikia mwaka 2014 boila zake nne za makaa zilikuwa zimezimwa. Stanford mwaka 2015 ilizindua mfumo unaochukua joto linaloondolewa kwenye majengo yanayopozwa na kulipeleka kwenye yale yanayohitaji kupashwa, badala ya kulitupa hewani. Strathmore University ya Nairobi ilifunga sola ya kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Hakuna mchanganyiko wa tabia za wanafunzi unaofikia hapo.

Lakini si kila badiliko kubwa linahitaji kuchimba ardhi. Linganisha ratiba ya viyoyozi na ratiba ya vipindi. Mara nyingi utakuta ukumbi wa mihadhara unapozwa hadi saa nne usiku wakati kipindi cha mwisho kilikwisha saa kumi na moja jioni, na kwamba majengo yanaendelea kupashwa au kupozwa wakati wa likizo kana kwamba watu wamo. Kurekebisha saa kwenye mtambo hakugharimu kifaa chochote kipya. Kunahitaji tu mtu aliyekaa na karatasi mbili, ratiba ya masomo na ratiba ya mitambo, kisha akazipeleka kwa anayehusika.

Karatasi na vikombe: kuomba na kubadilisha mpangilio

Kwa karatasi tuna ulinganisho safi kabisa, kwa sababu uliwahi kufanywa ndani ya chuo kimoja kikubwa cha Sweden. Watafiti walijaribu njia mbili. Ya kwanza, waliwaomba wafanyakazi wachape kurasa pande zote mbili. Ya pili, walibadilisha mpangilio wa printa ili ichape pande mbili yenyewe, na anayetaka upande mmoja achague. Ombi halikubadilisha chochote. Mpangilio ulipunguza karatasi kwa asilimia 15. Watu walewale, ofisi zilezile. Rutgers University nchini Marekani ilifanya badiliko kama hilo na kuokoa zaidi ya karatasi milioni 7 katika muhula wa kwanza tu.

Mhudumu wa TEHAMA hubadilisha mpangilio huo kwa dakika chache. Kama chuo chako bado kinachapa upande mmoja, usipoteze hata siku moja kutengeneza bango la kuwahimiza watu.

Vikombe vya kutupa vina somo linalofanana nalo kwa mbali. Watafiti wa Cardiff University walijaribu mikahawa ya vyuo na ya ofisi mwaka 2016. Punguzo kwa anayekuja na kikombe chake halikusogeza watu. Tozo kwa anayechukua cha kutupa iliwasogeza, na ilipoambatana na vikombe vya bure na ujumbe wa mazingira, matokeo yakawa makubwa zaidi. Kiasi cha fedha kinaweza kuwa kilekile, lakini mtu anaumia kulipa zaidi kuliko anavyofurahi kupunguziwa. Kwa hiyo ukikaa na msimamizi wa mgahawa, omba bei ya kinywaji iandikwe bila kikombe, na kikombe kiwe na bei yake.

Kuhusu mifuko ya pamba niseme wazi, maana ni kosa linalofanywa na watu wenye nia njema kabisa. Utafiti wa mamlaka ya mazingira ya Denmark wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba mfuko wa pamba ya kawaida lazima utumike angalau mara 52 ndipo ulingane kwa tabianchi na mfuko mwepesi wa plastiki, na wa pamba ya kilimo hai mara 149. Ulipopima madhara mengine yote, kama matumizi ya maji, idadi ilipanda hadi maelfu. Plastiki ina ubaya wake mwingine baharini na mashambani ambao utafiti huo haukuuhesabu, hivyo sisemi tuirudie. Nasema mfuko wa pamba una faida kwa anayeutumia hadi uchakae. Tabia ya kumiliki mmoja ni nzuri. Desturi ya vyuo kugawa mfuko mpya kila kongamano, kila wiki ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza na kila uzinduzi haina utetezi, na inafaa ikomeshwe na yule yule anayetia saini maombi ya ununuzi.

Chakula: pande zote mbili zina nguvu

Hapa ndipo tabia ya mtu inapata uzito wake halisi. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira UNEP, ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu asilimia 19 ya kilichofikia walaji. Asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani, na asilimia 28 kwenye huduma za chakula kama migahawa na mabwalo. Aliyepanga ununuzi wake, akapika kiasi na akala kilichobaki jana, amefanya jambo lenye uzito kuliko kuchomoa chaja zote za bweni. Vivyo hivyo aliyepunguza nyama ya ng'ombe na ya kondoo. Wanyama wanaocheua hutoa gesi ya methani tumboni na wanahitaji ardhi nyingi, na ndiyo maana nyama yao iko juu kabisa katika orodha ya vyakula vinavyozalisha gesi zinazopasha dunia joto, ambazo kwa kifupi huitwa kaboni.

Lakini tazama chuo kinapoingia. University of Cambridge iliondoa nyama ya ng'ombe na ya kondoo katika huduma zake za chakula mwaka 2016. Ripoti iliyotoka miaka mitatu baadaye ilionyesha kuwa kaboni kwa kila kilo ya chakula kilichonunuliwa ilishuka kwa asilimia 33. Migahawa haikufilisika, na wateja hawakukimbia.

Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba kuondoa kabisa ni kuwaamulia watu. Kwao kuna njia ya katikati, nayo ilipimwa Cambridge hiyohiyo katika milo zaidi ya 94,000. Watafiti waliongeza sehemu ya vyakula visivyo na nyama kutoka robo ya orodha hadi nusu. Hakuna kilichokatazwa, hakuna aliyehubiriwa. Mauzo ya vyakula hivyo yalipanda kwa kati ya asilimia 41 na 79, na waliobadilika zaidi walikuwa wale ambao kwa kawaida walikula nyama karibu kila mara. Mimi ningeanza na hii. Ina faida kubwa, haigombanishi watu, na mpishi anaweza kuijaribu kwa muhula mmoja.

Bwaloni kuna hatua nyingine ndogo yenye matokeo: kuondoa trei. Mtu mwenye trei hujaza sahani tatu kwa macho. Asiye nayo huchukua moja, na akitaka zaidi anarudi. Chakula kinachomwagwa hupungua, na trei za kuosha hazipo tena. Ila wenye ulemavu wawekewe trei zao pale pale, bila kulazimika kuomba.

Maji

Kuoga kwa muda mfupi ni tabia njema. Bomba la mvua la zamani humwaga lita 9.5 au zaidi kwa dakika, hivyo dakika tano ulizopunguza ni lita karibu 48. Tatizo ni choo kinachovuja. Tangi lenye mpira uliochakaa linaweza kupoteza hadi lita 750 kwa siku, kimyakimya, bila tone hata moja sakafuni. Choo kimoja kibovu kinameza uokoaji wa wanafunzi kumi na watano waliojinyima. Koki inayodondosha tone moja kwa sekunde humwaga zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo tabia yenye thamani kubwa zaidi kwenye maji ni kuripoti. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri dakika kumi bila kuvuta. Rangi ikitokea bakulini, choo kinavuja. Kundi la wanafunzi likipita bweni zima kwa Jumamosi moja na kuikabidhi idara ya matengenezo orodha yenye namba za vyumba, kazi hiyo itaokoa maji kuliko mabango ya muhula mzima. Upande wa chuo, vyoo vipya vya lita 6 au pungufu badala ya vile vya lita 13 humaliza sehemu kubwa ya mjadala.

Usafiri

Ukiweza kuishi karibu na chuo na kutembea, fanya hivyo, hakuna mfumo unaokushinda. Wengi hawawezi, kwa sababu kodi za karibu na chuo ziko juu. Kumlaumu mtu anayeishi mbali kwamba anaendesha gari ni kumlaumu kwa umaskini wake, na harakati zetu zisifike huko.

Kilichofanya kazi ni vyuo kuingia mkataba na kampuni za mabasi, ili kitambulisho cha mwanafunzi kiwe ndiyo tiketi. University of Washington ilianzisha mpango kama huo mwaka 1991. Uchunguzi wa vyuo 35 vya Marekani vyenye mipango hiyo, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta vyuo vikiripoti kwamba wanafunzi wanaopanda basi waliongezeka kwa kati ya asilimia 71 na 200 katika mwaka wa kwanza. Na kwa sababu mahitaji ya maegesho hupungua, chuo huepuka gharama ya kujenga mengine. Hoja hiyo ipeleke kwa mhasibu mkuu kabla ya kuipeleka kwa kamati ya mazingira.

Kwa wahadhiri na watafiti hali ni tofauti kidogo. Safari zao za ndege za kikazi zinaweza kuwa sehemu kubwa kuliko yote ya mzigo wao binafsi wa kaboni, na nyingi ni hiari yao. Kongamano moja la bara jingine likihudhuriwa kwa video ni badiliko la tabia lenye uzito wa kweli. Hapa profesa ana nguvu ambayo mwanafunzi hana.

Taka: mahali ambapo chuo nacho hukosea

Nisieleweke kwamba kila badiliko kutoka juu ni zuri. University of Vermont ilipiga marufuku uuzaji wa maji ya chupa mwaka 2013. Nia ilikuwa kupunguza plastiki. Watafiti wa chuo hichohicho walipopima, idadi ya chupa zilizoingia chuoni kwa kila mtu ilikuwa imeongezeka. Watu walikosa maji dukani wakanunua soda na juisi, hivyo plastiki ikabaki na sukari ikazidi. Marufuku yanayogusa bidhaa moja na kuacha jirani zake rafuni hufanya hivyo. Vituo vya kujazia chupa viwekwe kila korido kwanza, vionekane, maji yake yawe baridi na ya kuaminika. Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya kuondoa chupa yaanze, na yaguse chupa zote.

Mapipa ya kutenganisha taka nayo yana ujanja wake. Pipa lenye mdomo mpana kupokea kila kitu hupokea kila kitu. Utafiti wa mwaka 2009 uliobadilisha tu vifuniko, tundu la duara kwa chupa na mwanya mwembamba kwa karatasi, ulikuta chupa na makopo yaliyotupwa mahali sahihi yakiongezeka kwa asilimia 34. Na pipa la taka la kawaida lisikae peke yake. Likikaa mbali na wenzake, yote yanaingia humo.

Kuhusu kompyuta na simu, tabia ya kukaa na kifaa miaka mingi ina uzito mkubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kaboni ya kompyuta ndogo hutoka kiwandani kabla hujaiwasha. Chuo kinaweza kusaidia kwa dawati la ukarabati na kwa kununua mashine zinazofunguka na kubadilishwa betri.

Basi uchague nini?

Inategemea umekaa wapi.

Kama wewe ni mwanafunzi mwenye muda kidogo na huna cheo, usijitwishe tabia ishirini. Chukua mbili zenye uzito, chakula na usafiri kwa wengi, au kutunza vifaa, na uzishike kwa ajili yako bila kumhukumu jirani. Muda unaobaki uweke kwenye badiliko moja tu la mfumo, lile dogo kuliko yote linalowezekana ndani ya muhula. Printa ni mahali pazuri. Ukifanikiwa, ofisi zitakujua kwa jina, na ombi lako la pili litasikilizwa. Wanafunzi waliozishinikiza University of Glasgow, iliyokuwa ya kwanza Ulaya kutangaza mwaka 2014 kwamba itaondoa uwekezaji wake kwenye mafuta, gesi na makaa, na kisha University of California na Harvard, hawakuwa na mamlaka yoyote rasmi. Walikuwa wengi, na hawakuchoka.

Kama unafanya kazi maabara, una nguvu kuliko kundi zima la wanafunzi. Anza na friza, kisha makabati ya mvuke, baada ya kumuuliza fundi kuhusu mfumo wa hewa.

Kama uko utawala, fedha itakuwa pingamizi la kwanza utakalolisikia, hata kutoka kwako mwenyewe. Taa, saa za mitambo na uvujaji hurudisha gharama zake haraka. Fungua mfuko unaozunguka: kinachookolewa kwenye bili ya umeme mwaka huu kinalipia mradi wa mwaka ujao, badala ya kumezwa na bajeti kuu. Na weka mita kwa kila jengo, kwani bila hizo hutajua mradi upi umefaulu.

Kama uko mwaka wa mwisho, usianzishe kampeni mpya ambayo itakufa ukihitimu. Tumia miezi iliyobaki kuandika kile ulichojifunza: ni ofisi gani inaamua nini, mikataba ya chakula na usafishaji inamalizika lini, mita ziko wapi, barua zipi zilijibiwa na zipi hazikujibiwa. Mkabidhi nakala mwanafunzi wa mwaka wa pili, mpeleke mwenyewe kwa meneja wa majengo na umtambulishe, kabla mkataba wa chakula haujafika tarehe ya kusainiwa upya.